Picha inatoka, sauti hakuna: uchambuzi wa kaseti moja ya ndoa, hapa Goma

Kisa iko hivi. Kijana moja mwenye anafanyaka kazi ya studio kule Birere, picha za pasipoti, fotokopi, kuwekea watu musiki mu telefone, alipokea kaseti ya VHS kutoka kwa mama moja. Ndoa ya mwaka 1998. Ile kaseti ilipona volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ju mama alikimbia nayo Gisenyi, upande wa Rwanda, ndani ya mufuko pamoja na makaratasi ya kiwanja, nyumba yenyewe lave ikaibeba. Sasa anataka iingizwe mu ordinatere halafu iwekwe ku flash, watoto wenye wako Kampala na wenye wako Canada waone. Na wasikie, ile njo ya maana zaidi, ju mule ndani baba yake mama anatoa baraka kwa mudomo yake mwenyewe na hakuna pengine sauti ya ule muzee ilibakia. Kaseti bila sauti, kwa huyu mama, ni kazi bure.

Vifaa vya ule kijana (mimi namuitaka mudogo): manyetoskope ya okazyo, ile mashini ya kucheza kaseti za VHS, laptop ya Windows 10 ya Kifaransa, programu ya OBS ya kurekodi video, na kale kakifaa ka USB ka kuingiza picha na sauti mu laptop, kenye matundu tatu ya rangi, manjano, nyeupe, nyekundu, na katundu keusi ka S-Video pembeni. Watu wanakaitaka EasyCap ata kama hakajatengenezwa na EasyCap, na kanakujaka na kadisiki ka CD kadogo kenye laptop za leo haziwezi ata kukasoma ju hazina mulango wa CD, lakini tuache ile.

Ujumbe wake ku WhatsApp ulisema: "Yaya, picha inatoka fresh kabisa, sauti ata kidogo. Nimebadilisha draiva zote, nimetosha OBS nimeirudisha, nafikiri kifaa kimekufa, ninunue ingine?" Nikamujibu: "Mudogo, usinunue kitu, usiformati kitu, acha vyote vile viko nitapita." (Draiva ni kaprogramu kenye kanafanya Windows itambue kifaa.)

Mbele niendelee, niseme kwa nini ile neno "picha inatoka" inadanganyaka watu. Kijana mwenye amezoea HDMI anajua kable moja inabeba vyote, picha ikifika sauti nayo imefika. Mambo ya zamani haiko vile. Fishi ya manjano inabeba picha peke yake, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia, basi. S-Video ni mbaya zaidi, ile haina sauti kabisa, ata ungenunua kable ya bei gani, kila mara itakuletea picha tu. Na wakifika mu ordinatere bado hawaungane: Windows inaona kale kakifaa sawa vitu viwili, kimoja kama kamera, kingine kama mikro. Ni kama watu wawili wenye wanatoka Gisenyi, moja anapita mupaka wa Petite Barrière mwengine anapita ule wa Grande Barrière, wewe kuona wa kwanza amefika Birere haikuambii kitu juu ya wa pili, pengine wamemuzuia kule na wewe unaendelea kuuliza shida ku barrière yenye hakupita.

Kwa hiyo kubadilisha draiva siku muzima ni kutafuta bila kujua ni wapi unatafuta. Ile shauri ya "weka draiva upya" watu wanapenda kuitoa ju haiwagarimu kitu. Mimi nafanyaka hivi, nakata njia katikati kwanza, nasikiliza pale, nikijua upande gani uko muzima naacha ule upande wote.

Mudogo alikuwa na bafle ndogo ya kujiwashia, ile yenye matundu ya nyeupe na nyekundu nyuma. Tukatosha kable nyeupe ku kakifaa ka USB, tukaichomeka mu bafle, tukawasha kaseti. Ku ekran ya laptop watu wanacheza, wamama wanapiga vigelegele unaona midomo inafunguka, bafle kimya. Ata ule mlio wa shhhh hakuna. Maana yake sauti inakufa mbele ifike ku ordinatere, na Windows, OBS, draiva, vyote hapo haviwezi kuhusika.

Mudogo akaanza kufurahi, "kumbe ordinatere yangu iko sawa!" Hapana, hapo tulijua tu kama kwa manyetoskope kuna shida, hatukujua bado kama ordinatere iko sawa. Tukafanya kipimo cha pili kinyume yake: telefone yenye iko na tundu ya ekutere, kable ya kutoka kwa ekutere kwenda nyeupe na nyekundu, tukapiga musiki, volime nusu, ikaingia moja kwa moja mu kakifaa ka USB. Telefone tunajua inatoa sauti ju tuliisikia ku bafle mbele. Ku OBS mustari wa sauti umelala. Haitikisike.

Shida mbili basi, moja kabla ya ordinatere na moja ndani yake. Na hii njo sehemu ya kisa yenye ilinifanya niandike, ju wakati tulianza kuongea vizuri mudogo akasema kama jana yake usiku aliona video moja yenye ilisema afungue ruhusa ya mikro mu Windows, akaifungua, akajaribu kaseti, sauti hakuna, akaifunga tena ju aliogopa ordinatere isikuwe inamusikiliza. Dawa ya shida ya pili alikuwa nayo mukononi! Lakini ju shida ya kwanza bado ilikuwa palepale, dawa ilionekana kama haifanye kitu, akairudisha. Shida mbili zikipandana moja juu ya ingine, kila moja inafanya dawa ya mwenzake ionekane uongo, na wewe unaweza kuzunguka wiki muzima, unafanya kitu chenye kiko sawa, unakivunja, unafanya kingine chenye kiko sawa, unakivunja pia. Njo maana kila upande unatakiwa kupimwa na kitu chenye unajua ni kizima, bafle kwa huku, telefone kwa kule, usipime njia yote muzima kwa mara moja.

Sasa tuanze na manyetoskope. Nikawasha tochi ya telefone nikaangalia nyuma, vumbi nyeusi ya lave imejaa kila kona, mwenye anaishi Goma anaijua ile vumbi, inaingiaka ata mu vitu vyenye vimefungwa. Nyuma kulikuwa tundu moja tu ya maana, periteli, ile kubwa ndefu ya pini 21. Mbele, nyuma ya kafuniko, kulikuwa matundu matatu ya rangi. Maandishi yenye yangeonyesha kama ni ya kuingia ao ya kutoka yalikuwa yamefutika zamani. Na waya za mudogo zilikaa hivi: ya manjano imechomekwa nyuma, mu adaptere ya periteli, nyeupe na nyekundu zimechomekwa mbele.

Nikamuuliza ilifika aje pale. Akaeleza, na maelezo yake yako na akili kabisa: siku ya kwanza alichomeka zote tatu mbele ju rangi zinaonekana na kable ni fupi. Picha haikutoka. Akatafuta, akapata adaptere, akahamisha ya manjano nyuma, picha ikatoka, akafurahi, akaacha pale. Nyeupe na nyekundu zikabakia mbele ju hakuna kitu kilimukumbusha. Macho yakashiba, masikio yakasahauliwa.

Matundu ya mbele ku manyetoskope karibu yote ni ya kuingia, yaliwekwa pale ili mutu mwenye kamera achomeke kwa urahisi anakili mu kaseti. Hapatoke kitu. Unaweza kusubiri sauti pale paka Yesu arudi. Tukahamisha nyeupe na nyekundu ku adaptere, karibu na mwenzao wa manjano. Adaptere yenyewe, uangalie, zingine ziko na kaswichi kadogo pembeni ka kuchagua kuingia ao kutoka, na kakikaa vibaya utakosa picha na sauti pamoja. Kake kalikuwa sawa, ndiyo maana picha ilikuwa inatoka.

Bafle ikasema. Lakini ilisema kwa mbali, sauti ya kuzimika, inakuja inaenda, na hapa niongeze kitu chenye watu wengi hawakijue. Ata ndani ya manyetoskope picha na sauti haziko pamoja. Picha inasomwa na ile ngoma yenye inazunguka mbio. Sauti ya kawaida ya VHS imeandikwa mu kamustari kembamba ku ukingo wa tepe, na inasomwa na kichwa kingine, kidogo, chenye hakizunguke. Kile kikichafuka utaona picha nzuri na sauti ya mutu mwenye anaongea chini ya blanketi. Na ukingo wa tepe ukikunjika ao ukitafunwa na mashini, picha inaweza kubakia na sauti ikapotea. Tulichomoa umeme, tukafungua, nikalowesha pamba ya ku kajiti na alkoli ya isopropili, nikasugua kile kichwa kidogo, pamba ikatoka nyeusi sawa makaa. Ngoma yenyewe usiiguse na ile pamba ya kajiti, nyuzi zinanasa mu vichwa vya picha na unavunja, ile inahitaji ngozi laini yenye haitoe nyuzi, na unashikilia ngozi bila kuisogeza unazungusha ngoma kwa kidole pole pole. Tukasubiri ikauke. Tukawasha. Maneno yakawa maneno.

Upande wa ordinatere sasa. Toka Windows 10 ya aprili 2018, ile toleo 1803, ruhusa ya mikro inagusa ata programu za kawaida, sio tu zile za duka la Microsoft. Na kwa Windows kila sauti yenye inaingia ni mikro, haijali kama ni mutu anaongea ao ni kaseti ya 1998. Watu wengi wenye walikuwa wanaingiza video bila shida walifanya mise à jour, wakaamka sauti imepotea, wakalaumu kifaa. Unaenda Paramètres, Confidentialité, Microphone (ku Windows 11 imeandikwa Confidentialité et sécurité). Pale kuna swichi ya juu ya kuruhusu programu, halafu unashuka chini, chini kabisa, mbele ya kufika mwisho kuna ingine ya "applications de bureau". OBS yenye umetosha ku saiti yao inategemea ile ya chini. Wengi wanafunguaka ya juu wanarudi, hawashuke. Na OBS haikupigie kelele, haiandike kosa mu ekran, inakuonyesha tu mustari umelala na wewe unabaki unafikiri kable.

Tukafungua zote mbili. Telefone ikapiga musiki, mustari bado umelala! Mudogo akaniangalia.

Hii ilikuwa kitu kidogo lakini inakulaka masaa. Wakati alikuwa anatafuta, alihamisha kakifaa kutoka tundu moja ya USB kwenda ingine. Windows ikifanyiwa vile inaweza kuandikisha sehemu ya sauti sawa kitu kipya, inaweka "2-" mbele ya jina, na OBS inabaki inasubiri yule wa zamani mwenye haiko tena. Mu OBS unafungua chanzo cha video, unashuka paka penye unaweza kuchagua sauti yake mwenyewe, unachagua lile jina jipya. Sio lazima litaje EasyCap, mara nyingi linaandikwaka tu kitu cha USB na mikro. Tukachagua. Mustari wa kijani ukaruka.

Mustari ukiruka usikimbilie kushangilia, kuna mutego. OBS inakuwaka na mustari ingine ya mikro ya laptop yenyewe, na ile itaruka pia, ju inasikia bafle yako, inasikia mapikipiki ya barabarani, inasikia wewe unakohoa. Nimeona video muzima ya ndoa yenye sauti yake ni ya chumba cha studio, mutu anasema "leta chenji" katikati ya kiapo. Kipimo chake rahisi: gonga laptop na kidole karibu na ekran. Mustari ukiruka kwa kidole, ile ni mikro ya laptop, ifunge. Mustari wa kaseti haujue kidole chako.

Na kitu kingine, mudogo alikuwa anahukumu na masikio. OBS kwa kawaida haikusikilizishe chenye inaandika, ata kama kila kitu kiko sawa spika za laptop zitakaa kimya, paka uende mu mipangilio ya sauti ya juu uiombe ikusikilizishe. Kwa hiyo ata ile usiku ya ruhusa, ata kama kable ingekuwa sawa, angesema sauti hakuna! Nilimuambia: "Mudogo, mustari njo hakimu. Mustari ukitembea, rekodi dakika moja, simamisha, fungua ile fishie na VLC, programu ya kucheza video, sikiliza. Bafle usiiulize kitu." Maongezi ikae karibu na rangi ya manjano ya ule mustari, ikigonga nyekundu kila mara punguza, ju sauti yenye imepasuka wakati wa kurekodi hakuna programu itaishona.

Kuna mwenye ataniuliza kwa nini tusipitishe sauti mu tundu ya ekutere ya laptop, tuachane na kakifaa. Inawezekana lakini sipendi. Ile tundu moja ya laptop za leo inangojea mikro, upande moja tu, na sauti ya manyetoskope ni kubwa kuliko mikro, inaingia imepasuka tayari, tena picha inafuata saa ya kakifaa na sauti inafuata saa ya laptop, hazitembee sawasawa, na ku mwisho wa kaseti midomo na maneno haviendi pamoja.

Dakika moja ya kupima ilionyesha vitu viwili. Sauti ilitoka ku sikio la kushoto tu. OBS iko na kaboksi ka Mono mu mipangilio ya juu ya sauti, unakatia alama, masikio yote mawili yanapata. Na mungurumo, hmmmm ya chini yenye haiishe. Tukachomoa chaja ya laptop, mungurumo ukaisha papo hapo. Umeme wetu ni wa 50 Hz na chaja za bei rahisi zinaleta ile sauti mu kable, ukiwa ku jenereta ni mbaya zaidi. Rekodi na batri kama batri yako inaweza kufika mwisho wa kaseti, kama haiwezi kata mu sehemu mbili.

Tena chomeka kakifaa mu laptop moja kwa moja, hapana mu multiprise ya USB pamoja na mausi na flash. Picha ya PAL (moja ya mitindo ya televisheni ya zamani) ya nukta 720 kwa 576, picha 25 kila sekunde, bila kukandamizwa inakula karibu megabaiti 20 kwa sekunde, na USB 2.0 haina nafasi kubwa ya kubakia juu ya ile. Njia ikijaa, sauti inaanza kukatika vipande vipande.

Kuhusu rangi, mudogo alikuwa amesha maliza mwenyewe: Zaire ilitumia SECAM, mutindo ingine, ku televisheni, kamera za PAL nazo ziliingia, kwa hiyo kaseti ya zamani ya kwetu inaweza kuwa hii ao ile, na ukiona nyeusi na nyeupe unabadilisha pale mu mipangilio ya kakifaa. Haihusu sauti.

Tukarekodi yote mu MKV, aina moja ya fishie ya video. Wengi wanapendaka kuchagua MP4 toka mwanzo, hapa Goma mimi nakataa, ju umeme ukikatika na batri ikiwa mbovu, MP4 ya kawaida yenye haikufungwa vizuri inakufa yote, MKV inabakia na chenye ilikuwa imesha andika. Mwisho OBS yenyewe inabadilisha MKV kuwa MP4 bila kuharibu kitu, ni dakika chache tu.

Muzee akasikika. Alikuwa anaongea Kihavu akichanganya na Kiswahili, mama aliitwa akakaa ku kiti cha plastiki akasikiliza yote mbele ya kulipa, na akaomba tena disiki ya DVD ju dada yake yuko na plaia ya zamani.

Hapo njo shida ikataka kurudi kwa mulango mwengine. Mudogo alitengeneza DVD, halafu ju ya haraka akakopia zile fishie za DVD ku flash pia, akaacha MP4 mu laptop. Kesho yake mama akapiga simu: "Mwanangu, ku telefone ya mutoto wangu watu wanaongea bila sauti." Mudogo akakimbilia kufungua Confidentialité. Hapana bwana! Sauti iko ndani ya fishie, laptop inaisikia. Lakini ile programu ya kutengeneza DVD iliweka sauti ya AC3, aina ya sauti yenye DVD zinatumiaka, na telefone nyingi hazina ruhusa ya kusoma AC3, zinaonyesha picha zinanyamaza. Mama akiweka VLC ku telefone inasikika, lakini huwezi kuambia kila shangazi wa Kampala aweke VLC. Tukamutumia mama flash yenye iko na MP4, picha ya aina ya H.264 na sauti ya aina ya AAC, ile inasomwa karibu kila mahali. Disiki ikabakia na AC3 yake ju plaia ya DVD inaipenda, MKV ikabakia mu disiki ngumu ya studio, na kaseti mama akaambiwa asiitupe, aisimamishe wima ndani ya boksi yake, mbali na vumbi.